KONA YA FUNDI: Kompresa ya zamani ilishe familia, isiiumize



Wengi wetu tuna mtoto, kaka au shemeji aliyekwenda Kampala kutafuta maisha. Ukipita Kasubi, barabara ya Hoima, karibu na kilima cha makaburi ya Wakabaka, utaona kazi za mikono zimejaa: wa pancha, wa gereji, wa vitanda na makabati. Wote hao wanataka upepo. Wa pancha anajaza matairi ya boda na teksi, seremala anapulizia vanishi. Mwenye mashine ya upepo anapata chakula cha siku, asiye nayo anakodi kwa jirani.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Nayo posho, tangu igawanywe kwa makundi mwaka 2023, nyumba nyingi zimepunguziwa. Ndiyo maana familia zinachanga pesa kumnunulia kijana kompresa kuukuu ya magurudumu. Ni wazo zuri. Lakini mashine hiyo hiyo inaweza kuua. Basi mwezi huu tuongee polepole.

KABLA YA KUTOA PESA

Mnunuzi wengi wanasikiliza mota tu. Mota ikilia vizuri, wanalipa. Kumbe kitu cha kwanza ni tangi. Hewa ikibanwa hutoa maji, maji yanakaa chini ya tangi, na chuma kinaliwa kutoka ndani. Nje unaona rangi mpya inang'aa, ndani kutu imebakiza chuma chembamba kama karatasi.

Fungua koki ya chini. Yakitoka maji mekundu na vipande vya kutu, shuku. Gonga tumbo la tangi kwa nyundo ndogo likiwa halina upepo. Penye sauti iliyokufa au panapobonyea, acha. Ukiona kiraka cha kuchomelea, acha pia, hata bei ikiwa poa namna gani.

Kipimo cha kweli ni cha maji. Fundi anajaza tangi maji mpaka juu, hewa yote itoke, halafu anasukuma kwa pampu ya mkono mpaka mara moja na nusu ya presha ya kazi. Kama kazi ni psi 100, anafika 150. Tangi bovu likipasuka na maji, linavuja tu, maana maji hayabanwi kama hewa. Likipasuka na upepo, vipande vinaruka. Usikubali mtu akupimie kwa upepo.

KUIWEKA MAHALI PAKE

Iweke palipo sawa, magurudumu yazuiwe kwa mawe au magogo. Acha nafasi ya mkono mmoja kutoka ukutani ili ipate ubaridi. Isikae panapopulizwa rangi: filta itaziba, na mvuke wa tina unashika moto kwa cheche ya swichi. Kama ni ya injini ya petroli au dizeli, isiwashwe ndani ya chumba hata kidogo. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, mtu analala asiamke.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kuliko Mombasa, kwa hiyo injini ya petroli inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na tangi linachelewa kujaa. Usimlaumu fundi kwa hilo.

Kwa ya umeme, soma kibati cha mota. Uganda tunatumia volti 240, mizunguko 50. Mota ya volti 110 ukiichomeka moja kwa moja inaungua siku hiyo hiyo. Tena usivute waya mrefu mwembamba kutoka kwa jirani. Umeme unafika umechoka, mota inanguruma bila kuzunguka, inaungua. Kama kazi iko mbali, refusha mpira wa upepo, siyo waya.

KUIWASHA MARA YA KWANZA

Mwaga oili ya zamani, weka oili ya kompresa. Ile ya magari ina sabuni ndani yake, inaacha masizi kwenye valvu. Mkanda ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ushuke kama sentimita moja. Angalia pia gurudumu kubwa la pampu: kwa kawaida mabawa yake yapulize upepo kuelekea kwenye silinda. Likizunguka kinyume, pampu inachemka.

Iwashe koki ya chini ikiwa wazi, iende dakika chache bila mzigo. Halafu funga, tazama saa. Tangi la lita 100 likifika psi 100, yaani karibu bar 7, limeingiza kama lita 700 za hewa. Likichukua dakika 5, mashine inatoa lita 140 kwa dakika. Andika namba hiyo. Miezi mitatu baadaye ikichukua dakika 8, ujue ringi au valvu za pampu zimechoka, au kuna panapovuja.

Kutafuta panapovuja ni kazi rahisi: povu la sabuni kwenye kila kiungo. Mvujo mdogo usiku kucha ni yuniti za Yaka zinazopotea bure. Mashine ikizima ikapiga "pssss" fupi, hiyo ni kawaida. Ile "pssss" ikiendelea, valvu ya kuzuia upepo kurudi imechafuka. Maliza upepo wote ndipo uifungue usafishe.

KAZI YA KILA SIKU

Jioni: fungua koki ya chini, maji yote yatoke. Hii peke yake inaongeza miaka ya tangi.
Asubuhi: tazama oili kwenye kioo. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji, badilisha.
Kila wiki: kung'uta filta, vuta pete ya valvu ya usalama kidogo uone inapumua na kurudi. Vaa miwani.
Kila mwezi: mkanda, bolti, sabuni kwenye viungo.

Mpe kazi ya daftari mtoto anayejua kuandika. Aandike tarehe, oili, dakika za kujaa. Mtoto hujifunza hesabu, na siku ya kuuza mnunuzi ataona mashine ilitunzwa.

MAMBO YA KUKATAA

Valvu ya usalama isizibwe kwa bolti, hata mteja akiwa na haraka. Ndiyo mlinzi wa mwisho swichi ikikwama. Tangi lililotoboka halichomelewi, linatupwa. Nunua lingine lililopimwa, pampu na mota uvihamishie. Mtungi wa gesi ya kupikia si tangi la kompresa. Kinga ya mkanda isitolewe, maana mkanda unakula vidole na vitenge.

Na hili wazazi mtusaidie kulisema kwa vijana: upepo wa kompresa si mchezo. Wengine humpulizia mwenzao nyuma kwa utani. Upepo huo unapasua matumbo, na mtu anaweza kufa. Usijipangushe nao vumbi mwilini, na watoto wasishike mpira.

Kabla ya kuchanga, kaeni kama familia mjiulize: tangi limepimwa? Nani atafungua koki kila jioni? Mkiwa na majibu mawili hayo, nunueni. Kama hamna, ni afadhali kijana aendelee kukodi mwezi mmoja zaidi.

Mwenye swali alete kwa maandishi, tutalijibu hapa hapa. Kazi njema, tukutane mwezi ujao.