Mlowezi au Setla?

Wapenzi wa lugha na watunzi wenzangu, nawasalimu kutoka Ilongero, ambako mtama umekwisha kuvunwa na ng'ombe wameachiwa mabua. Nina ugomvi na neno moja, nami naomba mniamulie. Neno lenyewe ni mlowezi.

Katika mashairi mengi yanayotungwa juu ya ukoloni, Mwingereza aliyekuja kutwaa ardhi ya Afrika Mashariki huitwa mlowezi. Ni neno la adabu. Limetokana na kitenzi kulowea, yaani kukaa ugenini mpaka ugeni ukaisha, mtu akazoea na kuzoewa. Waliolowea katika miji ya pwani yetu ni wengi: mabaharia, wachuuzi, walimu wa dini. Walibisha hodi, wakaoa, wakazika wafu wao pale pale, na wajukuu wao wakawa wenyeji kama wenyeji wengine. Ndani ya kitenzi hicho sioni bunduki, wala sioni hati ya miaka 999.

Miaka hiyo siitaji kwa kutia chumvi. Kenya, baada ya reli kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, serikali ya Kiingereza ilitaka wakulima wa Kizungu ili njia hiyo ijilipe. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilifungua mlango. Mwaka uliofuata Lord Delamere peke yake alipata ekari zipatazo 100,000 huko Njoro. Sheria ya mwaka 1915 ikaruhusu shamba kukodishwa kwa miaka 999. Wamasai walikuwa wametia alama zao katika mkataba wa mwaka 1904, wakaacha malisho ya Bonde la Ufa kwa ahadi kwamba Laikipia ingekuwa yao daima. Mwaka 1911 wakaondolewa na Laikipia pia. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 waliambiwa kwamba mkataba ule ulikuwa kati ya mataifa mawili, kwa hiyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuusikiliza. Siku ya kuhamishwa walikuwa watu wa kuamrishwa. Siku ya kudai haki wakageuzwa taifa la kigeni.

Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe. Kwa sheria ya mwaka 1918, Mwafrika aliyeishi katika shamba la Mzungu alitakiwa kumfanyia kazi siku 180 kwa mwaka, na mara nyingi ardhi hiyo ilikuwa ya babu zake. Huyo akaitwa skwota, naye mwajiri wake akaitwa setla.

Nafika sasa penye kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nikifundisha sekondari, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, mzaliwa wa Meru, aliandika insha juu ya kwao, naye kila mahali akaandika "masetla". Nami, kwa kiburi cha mtu aliyetoka chuo cha ualimu na Kiswahili sanifu mkononi, nikakata kila moja kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake "walowezi". Alikuja mezani kwangu baada ya kipindi, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, mlowezi si yule aliyekaribishwa?" Nikamjibu kwamba setla ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, na kwamba mtihani haukubali. Maksi zake sikumrudishia.

Baadaye ndipo nilipoyasoma vizuri ya kwao. Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyoteuliwa mwaka 1946, ilipendekeza ardhi ya Arusha na Moshi ipangwe upya, Wazungu wapate eneo lililoungana la kufugia. Mnamo Novemba 1951 serikali ya Tanganyika iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na Leguruki, nyumba zao zikachomwa, ili yapatikane mashamba 13 ya Wazungu. Tanganyika wakati huo haikuwa hata koloni kamili. Ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alikwenda New York kulalamika. Alisikilizwa, lakini ardhi haikurudi kwa kusikilizwa huko. Mtoto aliyelelewa na wazee walioviona vitu hivyo, mimi nilikuwa nikimfundisha kuwaita waliofaidika kwa jina la mgeni aliyezoewa!

Neno jingine linalonikera ni "ardhi tupu". Wazungu wa mwanzo waliandika kwamba wameikuta nchi haina watu. Kweli walipita baada ya miaka ya 1890, ambamo sotoka iliua ng'ombe, nao ndui na njaa vikaua watu. Lakini hata bila maafa, malisho huonekana matupu kwa asiyefuga. Njooni hapa Ilongero mchana wa kiangazi mtazame mbuga: hamtaona nyumba wala mtu, pengine mtoto mmoja tu na fimbo yake. Hakuna Mnyaturu atakayewaambia kwamba haina mwenyewe. Maneno hayo yana historia ndefu, tena mbali na kwetu. Waingereza walipotua Jamestown, Virginia, mwaka 1607, Wapowhatan waliwapa mahindi wasife njaa. Pale, kwa msimu mmoja hivi, ningekubali kuwaita walowezi. Baada ya hapo walianza kuyataka mashamba yenyewe.

Huku kwetu Singida masetla hawakujaa, lakini mkono wao ulifika. Kodi ya kibanda ilidai fedha, na fedha zilikuwa mashambani kwa watu. Wazee wetu wengine walikwenda kwenye mkonge, na tangu mwaka 1944 kulikuwa na SILABU, shirika la wenye mashamba la kuandikisha vibarua. Aliyeandikishwa aliitwa manamba, kwa kuwa alipewa namba. Alipewa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Ya Kenya ilikuwa cheti cha utambulisho, mtu akikibeba shingoni ndani ya kopo la bati. Manamba, kipande, skwota, setla, kaburu: maneno hayo yaliundwa au yalipewa maana mpya na watu waliokuwa wakiumia, wakati wanaumia. Wasanifishaji huyaona kama matope ya kufutwa miguuni. Mimi nayaona kama ushahidi, na shahidi habadilishwi maneno yake ili asomeke vizuri.

Najua hoja ya upande wa pili. Maana za maneno huhama, na mlowezi limehama: idhaa za Kiswahili hulitumia kila siku zinapotangaza habari za Ukingo wa Magharibi, wala hakuna anayefikiria hodi wala karibu. Tena mtunzi mmoja kijana alinitania kwamba mshairi akilitenga neno hilo, linasema lenyewe: walo wezi. Nilicheka, nikakiri kwamba sikuwahi kuliona hilo kwa miaka yote niliyolisahihisha. Lakini mchezo huo ni wa sikio la mshairi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anasoma kitabu cha historia, na kitabu hakitengi silabi.

Basi ombi langu kwa watunzi ni dogo. Mlowezi abaki kwa aliyelowea. Kwa wale wa Laikipia na Engare Nanyuki tuandike setla, hata kama mizani itatulazimisha kuupanga upya mshororo mzima, hata kama vina vya "-zi" ni rahisi kupatikana. Na mwalimu yeyote mwenye kalamu nyekundu anayenisoma, akikutana na "masetla" katika insha ya mtoto, aiache.