Picha ya Buibui: Pambo au Ushahidi?

Kandokando ya Ziwa Victoria, katika Kenya na Uganda, huishi buibui mdogo arukaye, mwenye urefu wa milimita 5 hivi. Jina lake la kisayansi, Evarcha culicivora, alipewa mwaka 2003. Hupenda kukaa kwenye kuta za nyumba, na windo alipendalo zaidi ni mbu jike aliyeshiba damu. Hata mbu wa Anofelesi, aenezaye malaria, humtambua kwa mkao wake: tumbo likiwa limeinuka juu. Hata hivyo, aghalabu mwenye nyumba humfagia pamoja na vumbi.

Hapo ndipo upigaji picha za viumbe wadogo unapostahili nafasi shuleni. Lenzi ya kukuzia, hata ile ibandikwayo kwenye simu ya mkononi, humfunulia mwanafunzi uso mwekundu na macho manane ya jirani asiyepata kumtazama. Jicho likishaona, mkono husita kuinua ufagio.

Lakini picha ya kupendeza si lazima iwe picha ya kweli. Kadiri kiumbe anavyokuzwa, ndivyo sehemu inayoonekana sawasawa inavyozidi kuwa nyembamba, hata ikabaki milimita 2 au pungufu. Buibui akisogea kidogo tu, picha imeharibika. Kwa hiyo wako wapiga picha wanaomtia kiumbe katika jokofu ili atulie, au humuua na kumpanga juu ya jani. Picha hutoka safi, ila mkao ni wa uongo. Na ikiwa buibui mwenyewe humchagua mbu kwa kutazama mkao, basi anayebuni mkao amefuta jambo lenyewe lililostahili kuonwa.

Yafaa basi walimu wasisitize mambo manne. Kiumbe apigwe picha akiwa hai, mahali pake. Picha moja ionyeshe rula, ili ukubwa ujulikane. Tarehe na mahali viandikwe. Mwisho, jina lisitolewe kwa pupa, kwani spishi nyingi za buibui hazitambuliki kwa yakini mpaka viungo vya uzazi vichunguzwe kwa hadubini. Mwanafunzi aandikaye “buibui arukaye, spishi haijatambuliwa” amefanya sayansi kuliko yule aliyebahatisha jina la Kilatini.

Picha isiyo na maelezo hayo ni pambo la ukutani. Yenye maelezo hayo ni ushahidi, hata kama imefifia pembeni.