Umealikwa Jioni ya Divai na Jibini? Nenda

Swali hili limenijia inbox mara kadhaa, hasa kutoka kwa vijana wetu wanaofanya kazi kule Westlands na Upper Hill: "Pasta, ofisi imeandaa jioni ya divai na jibini. Niende, ama niseme kichwa kinauma?"

Kwanza, kichwa hakiumi, usidanganye. Pili, nenda. Nasema hivi nikiwa mtu asiyeonja pombe, na sikushauri uionje.

Tuanze na jibini, maana kuna mtu alinieleza kwamba kuweka jibini na divai pamoja ni matambiko. Hapana. Soma 1 Samweli 17. Siku Daudi alipotumwa na baba yake kambini, alibeba mikate ya ndugu zake na jibini kumi za mkuu wa kikosi. Safari iliyomwangusha Goliathi ilianza kama ya kupeleka chakula! Jibini ni maziwa yaliyogandishwa, yakatiwa chumvi, yakaachwa yakomae. Taifa linalokunywa mursik haliwezi kuogopa maziwa yaliyokaa. Na Limuru hapa wanatengeneza jibini nzuri kabisa.

Sababu ya kuviweka pamoja iko mdomoni tu. Jibini ina mafuta na chumvi. Mafuta hufunika ulimi, basi hutafutwa kinywaji chenye uchachu cha kuusafisha. Divai nyekundu ina tanini, ile kitu inayokausha mdomo kama ndizi mbichi, na tanini hiyo hulainika ikikutana na mafuta na protini. Chumvi nayo hupenda utamu. Ndiyo maana Waingereza hula Stilton na divai tamu ya Ureno iitwayo port, na Wafaransa hula Roquefort, ile yenye mishipa ya bluu, na Sauternes. Jibini ya mbuzi ya bonde la Loire huwekwa na Sancerre ya huko huko, kichachu kwa kichachu.

Sasa sikiliza, mpendwa. Tanini iko pia kwenye chai ya Kericho. Chai ya rangi, kali, bila sukari, na kipande cha cheddar: jaribu uniambie. Utamu uko kwenye juisi ya zabibu, kwa hivyo ile jibini ya bluu yenye chumvi nyingi ina mwenzake tayari. Uchachu uko kwenye pasheni na ndimu, mpe jibini ya mbuzi. Hakuna kazi hata moja ya divai katika sahani ile ambayo lazima ifanywe na pombe.

Wafanyabiashara wa divai wana mazoea ya zamani: wakinunua, huionja pamoja na tofaa, wakiuza, humpa mteja jibini. Tofaa hufichua kasoro, jibini huzifunika. Kumbe anayesifiwa usiku kucha ni divai, na anayefanya kazi ni jibini!

Na hiyo juisi ya zabibu usiione ya watoto. Mwaka 1869 daktari wa meno Mmethodisti, Thomas Welch, wa Vineland kule New Jersey, alichukua maarifa ya Pasteur ya kupasha moto, akaweza kuhifadhi juisi ya zabibu bila kuchacha. Alitaka Meza ya Bwana isiyo na kileo. Kikombe tunachoshika Jumapili kina historia.

Najua kuna atakayeniletea Timotheo na tumbo lake. Ndugu, Paulo alikuwa anampa dawa mtu aliyekuwa akinywa maji peke yake. Wewe una chemist kila kona.

Kinachonisumbua ni kile kiglasi kimoja cha heshima. Watu husema divai ni laini, ni ya kina mama. Divai ya kawaida ina kileo cha asilimia 12 hadi 14, wakati bia nyingi ziko karibu na 4 au 5. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Na katikati yetu kuna ndugu na dada ambao Mungu aliwatoa kwenye chupa. Kwao kiglasi cha heshima si kidogo. Mmoja akirudi nyuma, mkewe anajua kabla yangu, na watoto wanajua kabla ya mkewe. Kama wewe ni mmoja wao na hujasimama imara, huu mwaliko upishe, na usione haya kumwambia bosi wako sababu.

Wengine, fanyeni kama Warekabi wa Yeremia 35. Waliwekewa mabakuli ya divai mbele yao, tena ndani ya nyumba ya Bwana, wakasema hawanywi, wakataja sababu. Hawakumwaga, hawakumtukana aliyewakaribisha. Nawe usihubiri juu ya sahani ya watu. Na tafadhali, usipige picha glasi za wenzako ukaziweka kwenye grupu ya kanisa. Huo si ushuhuda, ni umbea.

Mabosi mlio kanisani, hili ni lenu. Mtu asiyekunywa kwenu hupewa chupa ya maji ya plastiki huku wenzake wakishika glasi ndefu. Mwekeeni kinywaji chenye adabu, kwenye glasi ileile. Wengi hunywa kwa sababu mikono yao ilikuwa mitupu.

Na sisi wachungaji tujiulize. Mume na mke wetu wanakutana kesha, wanakutana kamati ya harusi, wanakutana mazishi. Jioni ya kukaa tu, kula polepole na kuongea, tumewaachia wenye baa wawapangie. Halafu tunashangaa wakienda huko.

Kwa hivyo wanandoa, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili unusu jioni, tukutane ukumbini. Kila nyumba ilete jibini ya aina moja, hata kama ni kipande kidogo. Chai ya rangi na juisi ya zabibu ni juu yangu. Hakutakuwa na mahubiri. Watoto wabaki kwa shosho.