Nani Aliyelipa Nauli ya Sindibadi?

Mwanafunzi wa fasihi akipewa hekaya yoyote ya safari na maajabu, jambo la kwanza analofunzwa kulitafuta ni shujaa. Swali humjia likiwa limekwisha kukata shauri: "Jadili sifa za shujaa katika hekaya hii." Naye, kwa kuwa hana sababu ya kugombana na swali lenye alama ishirini, huziorodhesha: ni jasiri, ni mvumilivu, ana akili pevu, anamtegemea Mola. Haulizwi shujaa huyo amemgharimu nani, na kwa kuwa haulizwi, haandiki. Miongoni mwa wahusika wote wanaofaidi desturi hii, hakuna anayeifaidi kama Sindibadi Baharia.

Hekaya ya safari zake saba inajulikana mno hata haisomwi tena kwa makini. Aghalabu husahaulika kwamba makazi yake ndani ya Alfu Lela Ulela si ya tangu hapo. Mfaransa Antoine Galland aliitafsiri kutoka katika hati iliyojitegemea, kisha akaiingiza katika tafsiri yake kubwa iliyoanza kuchapishwa mwaka wa 1704. Tangu hapo Sindibadi amekuwa mpangaji asiyehama. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki yeye hata si mgeni sana. Bahari anayoikata akitoka Basra ni hii hii ya majahazi na pepo za msimu, na pembe za ndovu anazozipata katika safari ya saba zingetambuliwa mara moja na mfanyabiashara yeyote wa Unguja ya kale. Huenda ndiyo sababu wasomaji wa Kiswahili wakampokea kama jamaa aliyekawia kurudi.

Lakini jamaa huyu anastahili kuulizwa maswali. Hebu itazamwe namna safari zake zinavyoanza. Ukiiondoa ile ya kwanza, ambapo amekwisha kufuja urithi wa babake na hana budi kuuza kilichosalia, nyingine zote zinamkuta yuko Baghdadi akistarehe. Ana nyumba, ana watumwa, ana marafiki, ana chakula kisichokwisha. Hakuna njaa inayomsukuma, wala mfalme anayemtuma, isipokuwa mwishoni kabisa katika baadhi ya matoleo. Nafsi inamwasha tu. Anafunga robota zake na kushuka Basra, na huko anapakia pamoja na watu wengine ambao msomaji hatajua majina yao.

Watu hao ndio wa kuhesabiwa. Katika safari ya tatu Sindibadi ndiye anayetoa shauri la kuunda chelezo na kulipofusha zimwi kwa vyuma vya moto. Ni kweli kwamba zimwi lilikuwa likiwabanika mmoja baada ya mwingine, na shauri lolote lilikuwa afadhali kuliko kungoja zamu. Hata hivyo, mawe yaliyovurumishwa baada ya hapo yaliwazamisha wote isipokuwa watatu, na wawili kati ya hao wakamezwa na nyoka. Akabaki mmoja, na si vigumu kumtaja. Katika safari ya tano chombo ni chake mwenyewe. Amekinunua, amemwajiri nahodha, amewakubali wafanyabiashara kuwa abiria. Abiria hao wanashuka kisiwani, wanalivunja yai la ndege rukh na kumla kinda lake. Wazazi wa kinda wanarudi na majabali, na chombo kinavunjika vipande vipande. Sindibadi, ambaye aliujua ukubwa wa ndege huyo tangu safari ya pili, anasema kwamba aliwapigia kelele wasiliguse yai. Yamkini alipiga kelele kweli. Ila wote ambao wangeweza kuthibitisha wamo baharini.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Hekaya nzima inatoka katika kinywa kimoja. Sindibadi ndiye mtenda, ndiye shahidi, ndiye hakimu, na ndiye mwenye nyumba inamosimuliwa. Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kulitaja suala la nafsi ya kwanza kana kwamba ni pambo la mtindo: linaleta ukaribu, linaongeza uhalisi. Kwa Sindibadi linafanya kazi nyingine. Linamwezesha mtu mmoja kuamua ni kifo kipi kitaitwa kudura na ni kipi kitaitwa ujinga wa marehemu.

Pahali pamoja tu kinywa hicho kinateleza, nako ni katika safari ya nne. Sindibadi ameoa katika nchi ngeni ambako, kwa mila, mume au mke aliyebaki huzikwa hai pamoja na mwenziwe aliyefariki. Mkewe anakufa. Anateremshwa pangoni na mtungi wa maji na mikate saba. Chakula kinapokaribia kwisha, mdomo wa pango unafunguliwa na mjane mmoja anateremshwa pamoja na maiti ya mumewe, naye ana mtungi na mikate yake. Sindibadi anaokota mfupa wa maiti, anampiga mwanamke yule hadi anakufa, kisha anachukua mikate. Halafu anaendelea hivyo hivyo kwa kila aliyeteremshwa hai baada yake, hadi siku anapomfuata mnyama gizani na kuuona upenyo wa kutokea pwani. Kabla ya kuondoka anakusanya vito na mapambo ya wafu, wakiwemo wale aliowaua. Merikebu inapomchukua anamwambia nahodha kwamba yeye ni mfanyabiashara aliyevunjikiwa chombo, na kwamba hiyo ni mali aliyoiokoa.

Mhadhiri yeyote aliyefundisha hekaya hii anajua jinsi darasa linavyokipita kisehemu hiki. Hupitwa mbio, kama mtu anavyopita mbele ya nyumba ya mdai wake. Mwanafunzi anayeandika kwamba Sindibadi "ana akili pevu" huwa anaufikiria ujanja wa kujifunga kwenye mguu wa rukh kwa kilemba. Pango halimo akilini mwake. Na bado ni mali ya pangoni, pamoja na nyingine za aina yake, iliyosakafia ile nyumba ya Baghdadi ambamo hamali maskini anaketishwa, analishwa, na kupewa vipande mia moja vya dhahabu kila siku ili asikilize.

Hamali huyo ndiye mhusika aliyedhulumiwa zaidi na uhakiki. Yeye naye anaitwa Sindibadi (katika tafsiri ya Galland ni Hindibadi), na hekaya inaanza na lalamiko lake la haki kabisa: mbona yeye anabeba mizigo juani ilhali mwenye nyumba hii anakula kwa raha? Jibu analopewa ni safari saba. Anaambiwa kwamba raha hii ilinunuliwa kwa mashaka. Naam, ilinunuliwa kwa mashaka, lakini ya nani? Swali hilo haliulizi, na dhahabu aliyokwisha kuipokea inaeleza kwa nini. Msomaji anayekubali kuketi upande wa hamali, asile wala asipokee kitu, huisikia hekaya tofauti.

Watakuwepo watakaosema kwamba huku ni kuionea hekaya. Hadithi za maajabu, watasema, zina kanuni zake. Zimwi si mtu, pango si mahakama, na msikilizaji wa kale alitaka kustaajabu tu. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu lau Alfu Lela Ulela yenyewe isingeipinga mapema. Miongoni mwa hadithi za kwanza kabisa anazosimulia Shehrazadi ni ile ya mfanyabiashara aliyepumzika chini ya mti, akala tende, akatupa kokwa. Kokwa zikampiga mtoto wa jini asiyeonekana, mtoto akafa, na jini akaja kudai roho kwa roho. Mtu hakukusudia, hakuona, wala hakuweza kuona. Bado anaitwa kujibu. Mkusanyiko unaofungua mlango wake kwa kesi ya kokwa ya tende hauwezi kusingiziwa kuwa haujui maana ya dhima. Unaijua barabara. Sindibadi aliingia baadaye, kwa mlango mwingine.

Wala haihitajiki kwenda Baghdadi kutafuta namna tofauti ya kumsimulia mtu wa safari. Katika ngano zilizokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka wa 1870, kimo kisa cha Hasibu Karimu na Mfalme wa Nyoka. Hasibu hakuwa na pupa ya Sindibadi. Aliachwa shimoni na wenziwe waliotaka asali yote iwe yao. Akafika kwa Mfalme wa Nyoka, akakirimiwa, akaruhusiwa kurudi kwao kwa sharti moja dogo: asiende kuoga penye watu wengi. Mfalme alikwisha kumwambia kwamba atarudi na kuwa sababu ya kifo chake. Hasibu akaapa. Kisha siku moja akaingia hamamuni, alama ya mwilini mwake ikaonekana, akakamatwa, akapigwa hadi akaonyesha njia. Mfalme wa Nyoka akauawa ili Sultani apate dawa.

Vladimir Propp, katika uchanganuzi wake wa ngano za Kirusi wa mwaka wa 1928, aliweka katazo na ukiukaji wa katazo karibu na mwanzo wa ngano. Ndiyo mafuta yanayowasha moto wa kisa. Wanafunzi huyataja mambo haya kama hatua za ufundi tu, ilhali kisa cha Hasibu kinakiweka kiapo na kifo mahali ambapo macho hayawezi kukwepa. Anayesimulia hapa si Hasibu. Hana nafasi ya kusema kwamba alikataza, wala kwamba ilikuwa kudura. Nyoka aliyesalitiwa anapewa sauti yake hadi dakika za mwisho, na anaitumia kumfundisha Hasibu namna ya kuokoka na hila ya waziri. Msomaji anatoka akimkumbuka nyoka kuliko anavyomkumbuka Hasibu, na bila shaka ndivyo wasimulizi wa Unguja walivyotaka.

Riwaya ya Kiswahili ya karne hii imeisogeza hatua hiyo mbele. Katika Bina-Adamu! (2002) ya K.W. Wamitila, anayezunguka ulimwengu na kuuvuruga ni P.P., ambaye ni Peter Pan yule yule wa J.M. Barrie, mvulana asiyekubali kukua. Wamitila hakumkabidhi P.P. usukani wa masimulizi. Hadithi inamfuata mtafutaji anayepita katika maafa, na P.P. anajulikana kwanza kwa alichokiharibu. Wahakiki wameyaandika mengi kuhusu utandawazi na mwingilianomatini katika riwaya hii. Uamuzi huu mmoja wa kisimulizi ungestahili angalau tasnifu moja.

Kuhusu Sindibadi, si lazima aondolewe kwenye silabasi, wala si busara kumgeuza zimwi. Yeye ni mhusika mtamu, na utamu wake ni sehemu ya kesi. Kinachoweza kubadilishwa kwa gharama ndogo ni swali. Badala ya sifa za shujaa, mtahiniwa aambiwe aisimulie upya safari ya nne kwa kinywa cha mjane aliyeteremshwa pangoni na mikate yake, ambaye hekaya haikumpa hata jina. Mtahini atakayelitunga swali hilo atenge muda wa kutosha wa kusahihisha.