Aliyekaribishwa naye apewe jembe

Mwezi wa Juni unapoingia, upepo wa Ufipa huwa mkali. Sumbawanga imekaa juu ya uwanda unaozidi mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za kipupwe kila mtu hutamani kukaa karibu na jiko. Ni katika majira hayo ndipo sisi, majirani wachache wa mtaa mmoja wa mji huu, tulipoanza kuandaa chai kila Jumamosi asubuhi katika ua wa madrasa. Hatukukusudia biashara. Tulitaka pawepo mahali ambapo mwenye nacho na asiye nacho, Muislamu na jirani yake, wataketi pamoja bila ya kungoja harusi wala msiba.

Haja ilikuwepo. Katika nchi hii ulezi umekuwa chakula tangu zama za mababu, lakini ulezi huohuo hupikiwa pombe, na pombe imekuwa ikiwakusanya watu baada ya kazi za shamba. Familia ya Kiislamu inayojiepusha na kilabu cha pombe imefanya vyema. Ila ikijiepusha pia na majirani, imeacha jambo jingine aliloliamrisha Mwenyezi Mungu (S.W.). Aya ya 36 ya Suratun-Nisaa inatuagiza wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, na wapo wafasiri waliomhesabu humo jirani asiyekuwa Muislamu. Hapa Ufipa, ambako Wakatoliki ni wengi, jirani huyo ndiye tunayechota naye maji na kuzikana naye.

Wala kukusanyika kwa ajili ya kinywaji cha moto si jambo geni kwa Waislamu. Masufi wa Yemen walikunywa kahawa katika karne ya 15 ili wakeshe katika dhikri. Mwaka 1511 liwali wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, na miongoni mwa yaliyomtia shaka ni yale makundi ya watu waliokusanyika kuinywa. Marufuku ile haikudumu. Kahawa ikaenea, na huku kwetu pwani ikawa ndiyo roho ya baraza. Baraza, hata hivyo, imekuwa zaidi ya wanaume. Sisi tulitaka akina mama na watoto wawe na nafasi yao, na kwa kuwa tuko bara kwenye baridi, tuliandaa chai ya maziwa yenye tangawizi, uji wa ulezi na maandazi.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya furaha. Watu waliotoka Laela na Matai kuja kuwauguza jamaa zao mjini walipata mahali pa kupasha mikono moto. Majirani Wakristo walikuja, na watoto wao wakacheza na wetu. Sisi tukajipongeza.

Kisha yakatokea mambo mawili. La kwanza, akina mama watatu walikuwa wakiamka kabla ya alfajiri kila Jumamosi kuwasha kuni na kukanda unga, na wao ndio waliobaki na masufuria machafu baada ya wengine kuondoka. Wanaume tuliketi, tukanywa, tukazungumza habari za umoja wa umma. Siku mama mmoja kati ya hao alipougua, chai haikupikwa, na hakuna aliyejua hata sukari iliwekwa wapi.

La pili lilitushtua zaidi. Bibi mmoja mjane, ambaye hakuwahi kukosa, aliacha kuja. Tulidhani ni maradhi. Akina mama wawili walipokwenda kumjulia hali na kumpigia shikamoo, walimkuta mzima akipepeta ulezi uani kwake. Walipomuuliza kulikoni, alicheka kwanza, kisha akasema: "Wanangu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimekuja kwenu miezi mitatu. Mbona jembe langu silioni?"

Methali hiyo sote tunaijua, lakini tumezoea kuisoma kama onyo kwa mgeni asikawie. Bibi yetu aliisoma kwa upande wa pili: kumpa mtu jembe ni kumwambia kwamba sasa ni wa nyumbani. Sisi tulimpa kikombe kila wiki kwa upole mwingi, na kwa upole huohuo tukambakisha mgeni. Alijua kwamba nyuma ya kila kikombe palikuwa na neno "maskini", japo halikutamkwa.

Mtume (s.a.w.) aliwausia wanawake wa Kiislamu, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba jirani asiidharau zawadi kwa jirani yake hata ikiwa ni kwato ya mbuzi. Tumeihubiri sana hadithi hiyo kwa watoaji, tukasahau kwamba yule tunayemwita mhitaji naye ni jirani aliyeusiwa kutoa. Tukimzibia njia ya kutoa, tumemnyima thawabu na heshima kwa pamoja.

Jumamosi iliyofuata bibi alikuja na kibaba cha ulezi alioukaanga na kuusaga mwenyewe, akasimamia sufuria la uji. Hatukuwahi kunywa uji kama ule. Tangu hapo tukaweka kanuni moja: kila anayekunywa ana zamu. Mwenye nguvu huchanja kuni, kijana huchota maji, mtoto hukusanya vikombe, mzee asiyeweza kusimama huchambua mchele wa futari unapofika Ramadhani. Wanaume wana zamu ya kuosha masufuria, na majina yao huandikwa daftarini kama ya wengine. Jirani Mkristo naye akitaka zamu huipata. Ajabu ni kwamba waliopewa kazi ndio waliozidi kuja.

Kwa ndugu zetu wa Namanyere, Mpui au kwingineko wanaofikiria kuanza jambo kama hili, tunaongeza mambo matatu tuliyojifunza kwa kukosea.

Kwanza, fedha. Kikombe kisiwe na bei, bali liwepo sanduku lililofungwa, na lifunguliwe na watu wawili si mmoja. Hesabu isomwe mbele ya watu kila mwisho wa mwezi, hata kama kilichobaki ni shilingi mia tano. Amana isiyosomwa huzaa minong'ono.

Pili, zakaa isichanganywe humo. Aya ya 60 ya Surat at-Tawba imetaja mafungu 8 ya wanaostahiki zakaa, na chai ya wote, anayoinywa hata mwenye maduka mawili, haimo. Chai hiyo ipikwe kwa sadaka na hadiya. Zakaa ifikishwe kwa wenyewe kwa njia yake, kwa sitara.

Tatu, msiogope kufunga. Wakati wa mavuno ya mahindi watu wako mashambani, na kulazimisha jiko liwake ni kuwarudishia mzigo wale mama watatu. Sisi hupumzika wiki kadhaa, kisha tukarejea. Jambo dogo linalodumu lapendeza kuliko kubwa linalomchosha mtu mmoja hadi akaliacha.

Huko Jerusalem, mwaka 1552, Hurrem Sultan, mke wa Sultan Suleiman, aliweka wakfu jiko la kulisha watu, na kwa karne nyingi jiko lile liliendelea kugawa supu na mkate. Halikudumu kwa huruma peke yake. Lilikuwa na mapato ya vijiji, wapishi, wasimamizi na hati iliyoeleza nani atafanya nini. Sisi hatuna mapato ya vijiji. Tuna mikono tu, na mikono hiyo nayo yahitaji utaratibu wake ili isichoke.

Basi ndugu msomaji, kabla hujafikiria jiko la mtaa, angalia jiko la nyumbani kwako. Je, yupo jirani unayempelekea sahani kila Ijumaa na hujawahi kumwomba hata chumvi? Mwombe. Mwombe akufundishe anachokijua, akushikie mtoto, akusaidie kupepeta. Huenda anangoja jembe lake kwa muda mrefu, nawe hujui.

Mwenyezi Mungu atujaalie ujirani mwema, na azikubali kazi zetu ndogo. Amin.