Linux: kura ya Debian haikufungua milango yote

Mwanzoni mwa Oktoba 2022, watengenezaji wa Debian waliamua kwa kura kwamba programu za ndani za vifaa, hata zisizo huru, ziingizwe katika diski rasmi ya kusakinisha. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilifuata uamuzi huo. Kabla yake, kompyuta nyingi hazikushika Wi-Fi wakati wa kusakinisha.

Lakini kura haibadili leseni ya mwenye mali. Kwa kadi kadhaa za zamani za Broadcom, ruhusa ya kusambaza programu haipo; mtumiaji hupewa tu chombo cha kuipakua mwenyewe. Na kuipakua kunahitaji intaneti, ileile anayoitafuta. Asiye na kebo wala simu ya kuunganisha anabaki nje. Ufunguo anao mtengenezaji wa kadi, si Debian.