Faza haikusahauliwa na mizinga
Wiki hii, sokoni Mubi, hapa Walikale, mashariki mwa Kongo, nimewakuta vijana wa pikipiki wameinamia simu moja wakitazama filamu ya wapiganaji wa Kituruki. Kila ngome ikianguka, wanashangilia. Nawaelewa. Waturuki Waosmani waliteka Konstantinopoli mwaka 1453, Misri mwaka 1517, Aden mwaka 1538. Mkono wao ulifika hata pwani ya Waswahili: mwaka 1585 nahodha wao Mir Ali Bey alitokea na watu wachache, na miji iliyochoshwa na Wareno, Mombasa ikiwemo, ikampokea kama mkombozi. Anayeazima mkuki wa jirani hulipa kwa shamba lake. Mwaka 1587 Wareno waliiangamiza Faza, mmoja wa miji hiyo, wakaua watu na kukata hata minazi. Mwaka 1589 wakamkamata Ali Bey mwenyewe, Mombasa ikaporwa, na kuanzia 1593 wakajenga ngome ya Fort Jesus juu ya vichwa vya wenyeji. Sisi wa njia ya madini ya kasiterite ya mgodi wa Bisie, tuliowaona waasi wa M23 wakiingia Walikale Machi 2025, tuambizane ukweli: jeshi linalotoka mbali huuliza habari za udongo wetu kabla ya kuuliza habari zetu. Naomba walimu wa Walikale waifundishe Faza, pamoja na minazi yake.